Mkia wa Manjano Katika Kizimba cha 113

"Usinifanye mjinga, Enid Thackray! Paka ni wako, kizimba ni chako, na panya ni wako!"

"Panya si wangu, Mavis."

"Basi kajileta mwenyewe! Kapanda basi asubuhi, kakata tiketi, kaja kujilaza chini ya blanketi la Pewter!"

Mtu mmoja safu ya nyuma akacheka. Mavis Garside alipenda kuchekewa. Akamwinua yule panya juu zaidi, kamshika mkia kwa vidole viwili, ukumbi mzima umwone vizuri.

Hapa ndipo tulipowaacha Jumamosi iliyopita, na hakuna aliyesogea. Panya wa kufuma, wa sufu ya manjano iliyokoza, amechomolewa katika kizimba cha 113. Saa inakaribia nne, na saa nne kamili wenye paka wote hutolewa nje ili waamuzi wafanye kazi yao. Enid, mjane wa miaka sitini na mmoja, amesimama mbele ya paka wake, uso unamwaka moto.

"Nipe hicho."

Alikuwa Bi Ormerod, msimamizi wa onyesho, mama mfupi mwenye miwani ya kamba. Mavis akamkabidhi panya kwa heshima zote, kisha akarudi kusimama kando ya kizimba chake, cha 114, huku kamera ikimning'inia shingoni.

"Bi Thackray," alisema Bi Ormerod, "wewe si mgeni. Huu mwaka wa pili unatuletea paka. Kizimbani kunaingia nini?"

"Blanketi jeupe. Bakuli jeupe la maji. Sanduku jeupe la mchanga."

"Na nini kingine?"

"Paka."

"Kwa nini vyote vyeupe?"

Enid alijiona amerudi darasa la tatu. "Ili mwamuzi asijue paka ni wa nani."

"Sasa mwamuzi akifika hapa akakuta mkia wa manjano unachungulia?"

"Atajua!" alidakia Mavis. "Si ndiyo maana ukawekwa? Mtu kanong'onezwa, tafuta mkia wa manjano, huyo ndiye wetu!"

"Bi Garside, sijakuuliza wewe."

Bi Ormerod akamtia panya mfukoni mwa koti. Hakupandisha sauti. Mimi watu wa namna hiyo ndio ninaowaogopa.

"Nisikilize. Kama panya ni wako, Pewter anatoka leo na wewe hukanyagi hapa mwaka mzima. Kama kuna mtu kamtia ili kukuharibia, nitajie jina. Huyo nitamfungia maisha. Safu yenu inaanza saa nne na nusu. Mwamuzi akifika 113 kabla sijapata jibu, nitachukulia kwamba ni wako."

"Lakini mimi simjui aliyeweka!"

"Basi una nusu saa ya kumjua."

Kengele ikalia. Watu wakaanza kumiminika kuelekea mlangoni. Enid akainama. Pewter, paka mnene wa rangi ambayo wenyewe huiita bluu na watu wengine huiita kijivu, alikuwa amewapa wote mgongo.

"Usijali, mwanangu," alimwambia.

Pewter akachezesha sikio moja. Alikuwa paka wa Clifford zaidi kuliko wa Enid, na hakuwahi kulificha jambo hilo.

Clifford ndiye aliyemnunua, akasoma kanuni zote, akampeleka kwenye onyesho la kwanza, akarudi na cheti. Jikoni akagongelea misumari mitatu ukutani. Kwenye wa kwanza akatundika cheti. "Viwili vitafuata," alisema. "Waamuzi watatu tofauti, vyeti vitatu, na mzee huyu anapata cheo." Wiki tatu baadaye aliingia hospitali na hakutoka.

Cha pili Enid alikileta peke yake, akakitundika peke yake. Msumari wa tatu ulikuwa mtupu mpaka leo. Kila asubuhi akichemsha maji ya chai aliuona.

Leo ungejaa. Hata Mavis alijua hivyo. Ndiyo maana alikuwa anapiga kelele.

*

Kwenye chumba cha chai, nyuma ya ukumbi, Selwyn Ogden alikuwa ameshaagiza. Vikombe viwili, na mkate mmoja wa zabibu uliopakwa siagi, umekatwa katikati. Nusu kubwa ilikuwa upande wa Enid, kama kawaida.

Huyu ndiye mwenye kizimba cha 112. Mjane vilevile, fundi saa mstaafu, na paka wake Hector ni wa bluu kama Pewter. Paka wa rangi moja na daraja moja hupangwa pamoja, kwa hiyo kila mwezi, ukumbi wowote, mji wowote, Hector na Pewter walikuwa majirani. Na kila mwezi, milango ikifungwa, wenye paka hao walikaa meza moja kwa saa mbili na nusu wakisubiri matokeo.

Kwa Enid zile saa mbili na nusu zilikuwa mazungumzo yake ya mwezi mzima. Siku nyingine alikuwa na redio. Kuna wiki moja alishtuka Alhamisi kwamba hajasikia sauti yake mwenyewe tangu Jumatatu, alipomshukuru kondakta wa basi.

"Wamesemaje?" aliuliza Selwyn, bila kuinua macho.

"Nitaje mtu. Nisipotaja, ni mimi."

"Na utamtaja nani?"

"Ningependa awe Mavis. Roho yangu yote inataka awe Mavis." Enid akavuta kiti. "Lakini Mavis angetia kitu kikubwa. Angetia taa ya barabarani."

Selwyn hakucheka. Siku zote alicheka. Enid akainua kikombe, akamtazama juu ya ukingo wake, na ndipo alipoiona skafu.

Ilifumwa na Ivy, mkewe marehemu. Ilikuwa ndefu ya kuchekesha. Siku zote Selwyn aliizungusha shingoni mara tatu na bado ncha zikagusa mkanda wa suruali. Ilikuwa ya sufu ya manjano iliyokoza. Leo ilizunguka mara mbili tu, na ncha moja ilikomea kifuani, imefungwa fundo kubwa na mkono usiojua kufuma.

Enid akaweka kikombe chini polepole.

"Skafu yako imefupika, Bwana Ogden."

"Ilichanika."

"Ilichanika ikawa panya?"

Meza ya jirani walikuwa wanabishana kuhusu kuosha paka kwa pumba za ngano.

"Yule panya," alisema Enid, "ana masikio matatu."

"La tatu ni pua," alisema Selwyn kwa sauti ndogo.

Msomaji, kama ulitarajia mwanamke huyu azimie, humjui. Enid aliegemea mbele, akasema kwa meno yaliyofungwa:

"Wewe! Mwaka mzima na miezi kumi nakula nusu ya mkate wako. Wewe!"

"Nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza. Una dakika ishirini."

"Pewter angeshinda leo."

"Si ndicho tulichokuja kufanya?"

"Akishinda anapata cheo. Akipata cheo anahama daraja." Selwyn alikuwa anavunjavunja mkate bila kuula. "Wenye vyeo wanawekwa kule mbele, karibu na jukwaa. Wana saa yao, wana meza zao. Hector wangu hana hata cheti kimoja, na hatapata, kichwa chake ni chembamba, mimi mwenyewe najua. Nitabaki huku nyuma na 114. Na Mavis Garside. Na kiti kitupu."

"Kwa hiyo ukaona heri uniharibie."

"Nilifikiri watamtoa tu kwa leo. Mwezi ujao ungerudi. Sikujua habari ya mwaka mzima. Sikujua Mavis angeuona mkia kabla ya mwamuzi."

"Kwa nini hukuniomba namba ya simu, mwanamume wewe?"

Aliisema kwa nguvu. Meza mbili zikageuka, habari za pumba zikaisha.

"Nilitaka," alisema Selwyn.

"Lini?"

"Machi mwaka jana. Kisha Mei. Kisha siku ile ya mvua, ulipokosa basi." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imelegea kama kitambaa. "Yangu niliiandika. Kila mwezi nakuja nayo. Nikitaka kukupa, unafungua mkoba kutafuta leso, naiona picha ya Clifford, nairudisha."

Enid hakuipokea. Alikuwa anafikiria msumari. Alikuwa anafikiria mkono wa Clifford ukishika nyundo, mwembamba tayari, wakati ule hakuna aliyejua kwa nini umekonda.

"Inuka," alisema. "Nenda kwa Ormerod. Mwambie ni wewe."

"Atanifungia maisha."

"Inakustahili."

"Najua." Selwyn akainuka. Akashika kiegemeo cha kiti. Akasimama hivyo, mrefu, na skafu yake fupi, kisha akakaa tena, kama kikaragosi kilichokatwa nyuzi.

"Siwezi, Bi Thackray. Jumamosi nitakuwa nakwenda wapi?"

*

Kutoka chumba cha chai hadi meza ya Bi Ormerod kuna ujia mrefu wenye picha za mameya wa zamani. Enid aliupita wote bila kumwona meya hata mmoja.

Jina alikuwa nalo. Selwyn Ogden, maneno mawili tu. Mwamuzi angemfikia Pewter, angemtoa kizimbani, angempapasa kifua, angemtazama macho yale ya rangi ya shaba, na cheti kingeandikwa. Hilo Enid hakuwa na shaka nalo.

Kisha angerudi nyumbani. Angewasha taa ya jikoni. Angekitundika pale. Angerudi nyuma hatua mbili, akitazame, kimenyooka au kimepinda.

Halafu?

Angetaka kumwambia mtu. Akajaribu kufikiria nani. Dada yake yuko Australia, huandika Krismasi. Jirani wa kushoto ana televisheni, hasikii kengele ya mlango. Akapitia mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, na katika watu wote wa mkoa ule ni mmoja tu angeelewa cheti cha tatu maana yake nini, na kilichukua muda gani kufika, na Clifford angesema nini.

Ni mtu huyo huyo.

Enid akasimama katikati ya ujia. Akasema neno ambalo gazeti hili haliwezi kuchapisha. Kisha akaendelea na safari.

"Umeshamjua?" aliuliza Bi Ormerod.

"Ni wangu."

Bi Ormerod akavua miwani. "Rudia."

"Panya ni wangu. Niliona Pewter ana wasiwasi, nikamtilia kitu cha kuchezea. Nilidhani blanketi litamfunika."

"Nusu saa iliyopita ulikuwa unaapa."

"Niliona aibu."

"Bi Thackray, paka wako anakwenda kupata cheo leo. Sitakiwi kulisema hilo, lakini nina macho. Una hakika?"

"Lete fomu."

Akasaini. Kalamu ilikuwa inagoma, ikambidi arudie jina mara mbili. Msaidizi mmoja akaenda kumtoa Pewter, akamleta ndani ya kikapu chake, amekasirika, mzito kama gunia la viazi. Mwaka mzima. Jumamosi kumi na mbili. Enid akafunga mkanda wa kikapu na kujiambia kwamba sasa atatoka kwa mlango wa mbele, hatarudi chumba cha chai, hatamuaga Selwyn hata kidogo. Na ajue mwenyewe la kufanya na karatasi yake.

"Ama kweli unajua kusema uongo."

Mavis Garside alikuwa ameegemea ukuta, chini ya meya wa mwisho. Amesikia kila neno.

Lazima niseme kitu kuhusu Mavis. Ulimi wake ulikuwa mkali, na watu wenye ulimi mkali hawaulizwi hali. Mwezi uliopita hakuonekana. Kizimba cha 114 kilikaa kitupu kutwa nzima, na Enid na Selwyn walifurahia utulivu, wakaagiza mkate wa pili.

"Umepata ulichotaka," alisema Enid. "Nipishe."

"Bado nusu." Mavis akaigonga kamera kwa kucha. "Saa tatu na nusu nilikuwa nampiga picha Baron wangu kizimbani. Najua kanuni, nilipiga kabla ya muda wa waamuzi. Nikatazama kwenye kioo cha kamera, nikaona mkono. Mkono wa mwanamume, na ncha ya skafu ya manjano, uko ndani ya kizimba chako mpaka kiwiko. Nikabonyeza."

Enid akaitazama kamera.

"Ulijua. Tangu mwanzo ulijua si mimi."

"Wewe kwanza, halafu yeye. Baron hajawahi kushinda akiwa kando yenu wawili. Mmoja anajigamba, mwingine anacheka, mimi nimekaa meza ya peke yangu na mgongo wa Selwyn Ogden." Sauti yake ilipasuka kidogo mahali fulani, akaifunika upesi. "Jumatatu filamu inakwenda duka la dawa, ndiko wanakosafisha picha. Alhamisi Ormerod anaipata. Yeye kafungiwa maisha, na wewe kwa kusema uongo kwenye fomu, sijui watakufanya nini. Nina hamu ya kujua."

"Mavis, mpe mtu nafasi."

"Mimi nani alinipa?"

Enid akaweka kikapu chini.

Hakupanga. Baadaye angesema hakupanga, na ni kweli. Alipiga hatua moja, akaishika kamera pale pale kifuani pa Mavis, akatafuta kitasa kidogo cha pembeni kwa kidole gumba. Clifford alikuwa na kamera kama ile. Mgongo ukafunguka. Enid akatia kidole kwenye filamu, akavuta.

Ilitoka na mlio mdogo. Ikaendelea kutoka, nyeusi, inang'aa, inajisokota, ikamwagika juu ya kikapu cha Pewter mpaka sakafuni, chini ya taa kubwa nyeupe za ujiani. Picha zote zilizokuwamo zikawa hazipo.

"Haya," alisema Enid akihema. "Mpelekee Ormerod hiyo."

Alijiandaa kupigwa kofi. Alijiandaa kwa mayowe. Kofi halikuja.

Mavis alikuwa amepiga magoti. Alikuwa anaikusanya filamu kwa mikono miwili, akijaribu kuirudisha ndani ya kamera, haraka haraka, akiifunika kwa koti lake, kana kwamba kuna giza lililobaki la kuiokoa.

"Mama alikuwa humu," alisema.

"Mama nani?"

"Mama yangu. Picha sita. Amekaa kitandani na Baron mapajani." Hakuwa anaongea na Enid. Alikuwa anaongea na sakafu. "Tulimzika Oktoba. Nilikuwa nasubiri filamu iishe. Zilibaki picha mbili tu iishe."

Oktoba. Kizimba kitupu. Mkate wa pili.



Bi Ormerod alikuwa ameinuka mezani. Alitazama filamu, akatazama kamera iliyoachama, akatazama wanawake wawili wazima, mmoja kasimama na mmoja yuko chini.

"Nani amefanya hivi?"

Ilikuwa mara ya pili kuulizwa asubuhi ile.

"Ni mimi," alisema Enid. Na safari hii ilikuwa kweli.

Bi Ormerod akavuta fomu nyingine. Lakini Mavis akainua mkono, bado yuko magotini.

"Usimwandike."

"Bi Garside, hii ni mali yako."

"Nimesema usimwandike. Fomu itanisaidia nini?" Akainuka kwa kushika ukuta, akasokomeza filamu yote mfukoni, ikabaki inachungulia kama mkia. Uso wake ulikuwa mkavu. "Nyumba yangu iko mtaa wa pili kutoka hapa. Nataka aje. Sasa hivi. Nataka akione kitanda, akione na kiti, anieleze mimi nitamkumbukaje yule mama kwa kichwa tu."

"Na Baron?" aliuliza Bi Ormerod. "Mwamuzi yuko 110."

"Baron anajua kukaa peke yake."

Akafungua mlango wa mbele. Baridi ya Novemba ikaingia ujiani, na karatasi za mezani zikaruka.

Enid akatazama nyuma. Mwisho wa ujia, kwenye mlango wa chumba cha chai, Selwyn Ogden alikuwa amesimama, vikombe viwili mkononi, na kile kikaratasi kimebanwa kati ya vidole na sahani. Alikuwa ameanza kuja. Alikuwa anasema kitu, na ungedhani kwamba safari hii angekisema mpaka mwisho.

"Unakuja," aliuliza Mavis, "au na wewe utanipa mgongo?"

Enid akainua kikapu cha Pewter, akamfuata nje.